Kizazi cha Mama Ndaki Kilipowekwa Benchini

Hivi wewe, umeshawahi kukaa benchi moja na wanaume wanaojadili kizazi cha mwanamke asiyekuwepo, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa mkononi, na usione ajabu? Kama hujawahi, pita Shanwe, hapa Mpanda, saa kumi jioni, kona ile ya barabara ya vumbi, utakuta ubao wa mninga umelazwa juu ya matofali. Kijiwe chenyewe kinaitwa Mninga. Pale hakuna swali la dunia lililowahi kukosa jibu: kwa nini mahindi yameshuka bei, kwa nini timu imefungwa, kwa nini ajira hazitoki. Kahawa ni ya Hamis, wanamwita Birika, ambaye babu yake alishuka na treni na mzigo wa vitenge akaamua kutorudi. Kushoto kwake hukaa Mwandu, dereva bodaboda anayeitwa Redio, maana kila anachokijua kakisikia masikioni akiwa anaendesha, na nusu yake kimechukuliwa na upepo. Luhende ni Msukuma wa mifugo, zizi lake liko Kasansa na nyumba yake iko hapa Shanwe, wao wanamwita Zizi. Wa mwisho ni Malale, mwenye digrii ya maendeleo ya jamii na asiye na maendeleo yoyote, anayeitwa Sivii, kama ile CV ya kuombea kazi, kwa sababu mgeni akikaa tu anasimuliwa elimu yake kabla hata hajaulizwa habari za safari. Siku hiyo Malale aliwahi, simu imejaa chaji, shati limepigwa pasi. Mwanamke aliyekuwa anajadiliwa alikuwa dada yake wa tumbo moja: Kashinje, Mama Ndaki, mke wa Luhende.

— Mimi nalitua hapa, Luhende alianza, akipuliza kahawa. Nyie ndo wenzangu. Hospitali wanasema ugonjwa ukifika pale ulipofika, kizazi kinatolewa. Kesho wanataka jibu langu. Leo ameamka damu inatoka kama bomba limepasuka. Nimemwacha amelala.

— Damu ya mwezi au damu ya ugonjwa? aliuliza Birika.

— Sasa nitaijuaje? Zote nyekundu.

Redio alicheka kidogo, akaona Malale hacheki, akakausha.

— Ugonjwa una jina, alisema Malale. Adenomyosis. Kwanza waliwaambia taifodi, mkanywa dawa. Halafu UTI, mkanywa dawa. Halafu uvimbe. Miaka yote hiyo mtu anaviringishwa kama pipa, mpaka walipokuja wale madaktari bingwa wakapiga kambi hapa ndo ukajulikana. Seriously, it's a shame.

— Kiswahili, Sivii, alisema Redio. Hapa hatuajiri mtu.

Hilo la kuajiri Redio alikuwa analo kila siku, na kila siku lilikuwa linamwingia Malale palepale.

— Ni hivi. Kizazi kwa ndani kina utando, ule unaobomoka kila mwezi ukatoka. Kwa dada yangu utando ule umeota mpaka ndani ya nyama ya kizazi, kwenye ukuta wenyewe. Mwezi ukifika, ukuta nao unavuja damu ndani kwa ndani. Kizazi kinavimba, kinauma, kinatoa damu mpaka mtu anakuwa mweupe viganja. Mmeviona viganja vyake?

Hakuna aliyekuwa ameviona.

— Mimi ninachojua, alisema Redio, akijiweka sawa kwenye ubao, hayo yote ni mtikisiko. Mwanamke anapandishwa pikipiki kutoka Kasansa mpaka hapa, barabara ile ile ya mabonde. Kizazi kimeshikwa na nini? Na mishipa. Mishipa inalegea kama nati. Nati ikilegea, oili inavuja.

— Wewe ndiye unayewapandisha, alisema Birika.

— Mimi naenda taratibu!

— Tatizo siyo pikipiki, Birika aliendelea, akimimina kikombe kingine bila kuombwa. Huyo ana mwenzake. Jini mahaba. Amemposa tangu binti, sasa anadai haki yake. Ndiyo maana damu haina ratiba. Kuna sheikh mmoja nilimsikia akisema, jini wa namna hiyo anakaa ukutani kabisa. Na Sivii hapa kasema mwenyewe, ugonjwa uko ukutani.

— Nimesema ukuta wa kizazi, Birika!

— Ukuta ni ukuta.

Luhende alikuwa anawasikiliza wote kwa heshima sawasawa, kama mtu anayepokea bei za ng'ombe mnadani. Hilo ndilo lililomkera Malale kuliko vyote. Shemeji yake hakuwa mtu mbaya wa kupiga wala kulewa. Alikuwa mtu wa kusikiliza kila mtu, isipokuwa mmoja, yule aliyemwacha amelala nyumbani.

— Shem, nisikilize, Malale alisema, akafungua simu. Kutoa kizazi ni hatua ya mwisho. Kashinje bado anataka mtoto, ameniambia kwa mdomo wake, anataka Ndaki apate mdogo wake. Sasa kuna njia hazipasui tumbo. Kuna hii: daktari anapitisha mrija mwembamba, mwembamba kama uzi wa nyavu, kwenye mshipa wa pajani. Anautembeza mpaka kwenye mishipa inayoleta damu kwenye kizazi. Anaachia punje ndogondogo, zinaziba. Ule ugonjwa unakosa damu, unanyauka. Unalala hospitali siku moja mbili, umerudi nyumbani. Hakuna mshono wa tumbo.

— Inafanyika wapi hiyo? aliuliza Luhende.

— Dar wapo wanaofanya.

— Na mtoto atapatikana baada ya hapo?

Malale alishusha macho kwenye simu. Hapo pia alikuwa amesoma.

— Wengine wamepata. Hawaahidi.

— Aaa, alisema Luhende.

— Ipo nyingine, Malale aliharakisha. Huko nje wanatumia mawimbi ya sauti. Unalala kwenye mashine, wanalenga palepale penye ugonjwa, sauti inapachoma bila kisu kugusa ngozi.

— Sauti inachoma? Birika aliweka birika chini. Basi sisi sote tungeshakuwa majivu, kwa huyu Redio aliyekaa hapa.

Walicheka mpaka mama wa nyanya ng'ambo akageuka. Malale alisubiri wamalize. Aliwahi kusubiri matokeo ya usaili, akasubiri mtandao wa ajira ufunguke, akasubiri simu ya mtu aliyesema atampigia. Kusubiri ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Lakini asubuhi alikuwa amepita kwa dada yake, akamkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, kanga imekunjwa mara nyingi chini yake, anapepeta mchele huku midomo imepauka. Alimwuliza kama anaumwa. Akajibiwa: "Kawaida tu." Malale aliondoka na hiyo kawaida kifuani kama mwiba wa samaki.

— Na mimi nimefikiria zaidi, alisema Redio, aliyekuwa hajakubali kushindwa. Pikipiki ni sehemu tu. Mji huu umekaa juu ya nini? Madini. Wamechimba risasi, wanachimba dhahabu mpaka leo. Madini yana sumaku. Damu ina nini? Ina chuma. Sasa piga hesabu, Sivii, wewe si msomi. Sumaku iko chini, chuma kiko kwenye damu ya mtu. Mwanamke ana mlango chini. Damu inafuata wapi?

Jambo la kutisha ni kwamba Luhende alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

— Na wanaume? aliuliza Malale.

— Sisi hatuna mlango.

— Mungu wangu, I swear, taifa hili...

— Ndo maana nchi nyingine wanajenga ghorofa, Redio alimalizia. Kuikimbia sumaku.

Luhende aliweka kikombe chake kitupu kwenye ubao na kufuta ndevu. Alipozungumza, sauti yake ilishuka, na wote wakajua sasa kinakuja kile alichokuja nacho tangu mwanzo.

— Mimi nimeongea na kaka yangu mkubwa kule Kasansa. Yeye kasema jambo moja, na tangu aseme sijalala vizuri. Ng'ombe wa mahari ya Kashinje wako wapi?

Malale alizima kioo cha simu.

— Kwetu, kaka anasema, ng'ombe wa mahari hauzi wote. Mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa, unamwacha kwa baba wa binti. Yule azae kule, na binti azae huku. Sasa baba yenu mkwe wangu aliuza wote. Hakubakiza hata ndama. Aliwauza ili huyu hapa aende chuo kikuu.

Hakunyoosha kidole. Hakukuwa na haja. Birika alijifanya anatafuta mkaa. Redio akainama kufunga kamba za viatu.

Kila mtu pale alijua, ila hakuna aliyewahi kulisema mbele yake. Digrii ya Malale ilitembea kwa miguu minne kutoka Kasansa mpaka mnadani. Dada aliolewa, mdogo wake akasoma. Na mtu aliyesomeshwa na ng'ombe wa shemeji yake hawezi kusimama mbele ya shemeji yuleyule akamwambia uza ng'ombe umpeleke mkeo Dar. Alikuwa amejiandaa kulisema hilo siku nzima. Sasa lilikuwa limekufa mdomoni.

— Kwa hiyo, Luhende aliendelea taratibu, kaka anasema tupeleke mtamba kwa mzee. Tusubiri achukue mimba. Akizaa, na huku patatulia.

— Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa, shem.

— Ndio.

— Dada yangu anatoka damu leo.

— Mimi nimesema nimesikia kwa kaka. Sijasema nimekataa hospitali. Kwanza hospitali hiyohiyo ndiyo iliyoniharibia. Luhende sasa alikuwa anawatazama wenzake, siyo Malale. Nyie hamjui. Wale wa kambi, walipomaliza kumpima, walimwekea kitanzi. Ndani kabisa. Mke wangu, mwenye mtoto mmoja, kawekewa uzazi wa mpango!

— Subhanallah, alisema Birika.

— Kitanzi gani? aliuliza Malale.

— Kitanzi! Cha kuzuia mimba. Mimi nakaa nangoja mtoto, kumbe mlango umefungwa na komeo. Alinieleza mwenyewe siku moja, anacheka, anasema, Baba Ndaki, si unaona nimepona? Nikamwambia kesho asubuhi kitoke. Nikampeleka zahanati mwenyewe. Kikatoka.

— Lini?

— Wakati wa kuvuna mpunga.

Malale alianza kurudisha miezi nyuma kichwani, na kadiri alivyorudisha ndivyo benchi lilivyozidi kuwa jembamba chini yake. Kabla ya mavuno dada yake alikuwa amenenepa. Alikuwa anauza mchele sokoni mpaka jioni, anamtania mdogo wake amtafutie wifi. Yeye aliamini ni vidonge. Baada ya mavuno ndipo kigoda cha jikoni kilipoanza.

— Shem, kile hakikuwa cha mpango, alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Kile kina dawa. Kinakaa ndani ya kizazi kinaachia dawa kidogokidogo, utando unasinyaa, damu inapungua. Ndiyo tiba ya kwanza kabisa. Rahisi kuliko mrija, kuliko mashine, kuliko kisu. Kingekaa miaka michache, hali itulie, ndo kitolewe atafute mtoto. Daktari hakuwaeleza?

— Alimweleza yeye.

— Na yeye hakukueleza?

Luhende alifikiri.

— Alieleza eleza hivi. Mimi nilisikia kitanzi.

— Kwa hiyo ulichokitoa...

Walikielewa wote, hata Redio. Kitu kilichokuwa kinakilinda kizazi kwa ajili ya mtoto kimetolewa kwa ajili ya mtoto. Birika aliinua birika kuwaongezea, likatoa tone moja jeusi na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo alipotokea Rabia, jirani wa ukuta kwa ukuta na Kashinje, anayeshona nguo nyumbani kwake. Alikuja anatembea haraka, ushungi umeteleza, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kwa mbele kanga yake ilikuwa na doa kubwa, na doa lilikuwa bado halijakauka. Si mwanamke wa kusimama kijiweni kwa wanaume. Alisimama.

— Baba Ndaki, simu yako umezima?

— Imeisha chaji. Kuna nini?

— Nimemkuta sakafuni. Nimepata bajaji, yuko hospitali. Damu imekwisha mwilini, wanataka kumwongezea, na kwenye friji yao wamebakiwa na kidogo. Wanataka ndugu waje, na ikiwezekana wa kundi lake. Group lake la damu ni lipi?

Swali lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Mtoto wa shule angeliuliza.

Rabia alimtazama mume. Mume alimtazama shemeji. Malale alifungua mdomo. Alijua jina la ugonjwa kwa Kizungu, alijua mrija unapita mshipa gani, alijua mawimbi ya sauti yanalenga wapi. Birika aliyajua majini. Redio alizijua sumaku. Damu ya Mama Ndaki ilikuwa imezungumzwa tangu saa kumi mpaka jua likaanza kushuka, na hakuna mtu pale aliyejua ni damu gani.

— Hamjui, alisema Rabia. Hakuuliza tena. Haya, nani anakuja kutoa?

— Mimi nina sukari, alisema Birika, na ilikuwa kweli.

— Mimi... sijala tangu asubuhi, alisema Redio, ambaye makombo ya kashata yalikuwa bado kifuani. Kisha akajitazama, akasimama, akapiga pikipiki teke. Pandeni. Nitatoa hukohuko.

— Nimpigie kwanza kaka, alisema Luhende. Kama ni mambo ya kupasua, kaka lazima ajue. Nani ana chaji?

Malale alikuwa na chaji. Simu imejaa, aliichaji makusudi. Aliiweka kwenye kiganja cha shemeji yake, akapanda pikipiki nyuma ya Redio, Rabia nyuma yake, wakaondoka wakimwacha Luhende amesimama katikati ya vumbi, anajaribu kukumbuka namba.

Njiani, kwenye sikio la Malale, Rabia alimwambia mengine aliyokuwa hajayajua. Kwamba baada ya kitanzi kutolewa na damu kurudi, yeye na Kashinje walienda hospitali kwa siri kuomba kingine. Wakaambiwa vile vyenye dawa vilikuja na kambi, vikaondoka na kambi. Wasubiri kambi nyingine. Wakauliza lini. Wakaambiwa watatangaziwa.

Damu ya Malale ilifaa. Ya Redio nayo ilifaa. Mfuko wa kwanza ulipokuwa unashuka kwenye mkono wa Kashinje, daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimweleza Malale pembeni kwamba damu haikamatiki, hapa hakuna mtaalamu wa ule mrija wa pajani, Dar ni mbali kwa hali ile, na kwa mikono waliyonayo kilichobaki ni kutoa kizazi sasa hivi. Muuguzi alishika karatasi ya ridhaa.

— Mume yuko wapi asaini?

— Anaongea na kaka yake, alisema Malale.

— Basi tunamsubiri kidogo.

— Mnasubiri nini? Malale alisikia sauti yake inagonga kuta za korido, na safari hii hakukuwa na Kiingereza ndani yake. Mwenye kizazi huyo hapo kitandani, macho wazi, akili timamu, mtu mzima. Mnasubiri ruhusa kutoka Kasansa?

Daktari alimtazama muuguzi. Karatasi ikageuzwa, ikapelekwa kitandani.

Kashinje aliisikiliza yote ikisomwa. Aliuliza jambo moja tu, kama ile njia ya kuziba mishipa, aliyosomewa na mdogo wake, ipo hapo. Daktari akasema haipo. Chozi moja lilimtoka, likaingia sikioni, hakulifuta. Luhende alikuwa amefika mlangoni, simu ya shemeji yake sikioni, upande wa pili mtu anaongea kwa sauti. Mkewe alimwona, akamtazama mpaka Luhende akaikata ile simu. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi.

Hakuirudisha kalamu. Aliielekeza kwa daktari, kwa muuguzi, kwa mume, kwa kila aliyesimama mle ndani, mpira wa damu ukining'inia mkononi.

— Mimi yangu nimesaini, alisema. Na nyie sainini yenu. Vile vitanzi vya dawa, na mtu wa kuongoza huo mrija, vinafika Mpanda lini? Msiniambie mtatangaza. Andikeni tarehe.